Hukumu ya Mungu Bila Hofu: Mafundisho ya Kanisa na Kisa cha Shakahola

Wakristo wa madhehebu yote makubwa huamini kwamba kila binadamu atasimama mbele ya Mungu kutoa hesabu ya maisha yake. Imani hiyo imo katika Kanuni ya Imani iliyoandaliwa katika mtaguso wa Nisea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, kanuni ambayo Wakatoliki na Waanglikana huikariri kanisani hadi leo, kuanzia Rabai hadi Malindi. Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti na Wapentekoste wa pwani hutofautiana katika mengi, lakini katika hili la siku ya hukumu sauti yao ni moja. Hata jirani yao Mwislamu, anapoitaja siku ya Kiyama, hutaja jambo ambalo Mkristo hahitaji kufasiriwa.

Tofauti huanza linapoulizwa swali la pili: mtu aisubiri siku hiyo kwa moyo gani? Swali hilo si la wanatheolojia peke yao. Katika kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023, limekuwa swali la uhai na kifo. Ndani ya msitu wa Shakahola, upande wa bara wa mji wa Malindi, mamia ya watu walikufa, wengi wao kwa njaa, na walionusurika walieleza kwamba waliambiwa hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu kabla ya dunia kwisha. Ili kuona mafundisho ya namna hiyo yalivyopinda, inafaa kwanza kujua Ukristo wenyewe unasema nini juu ya hukumu, na kwa nini maneno hayo, yakieleweka vyema, hupunguza hofu badala ya kuizidisha.

Hukumu ni nini

Biblia huzungumzia hukumu kwa namna mbili zinazokamilishana. Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, unaweka hukumu baada ya kifo cha kila mtu. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaonyesha mataifa yote yamekusanywa mbele ya Mwana wa Adamu, naye akiwatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Kanisa Katoliki huyaita mambo hayo mawili hukumu ya binafsi na hukumu ya mwisho, na Katekisimu yake ya mwaka 1992 imeyaeleza kila moja mahali pake. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hutilia mkazo zaidi hukumu ya mwisho, siku Kristo atakaporudi.

Kipimo kinachotajwa katika Mathayo 25 ni cha kushangaza kwa urahisi wake. Watu hawaulizwi walikuwa wa kanisa gani, wala waliijua vipi kalenda ya siku za mwisho. Wanaulizwa kama walimlisha mwenye njaa, walimnywesha mwenye kiu, walimkaribisha mgeni, walimvika aliye uchi, walimtazama mgonjwa na kumtembelea mfungwa. Aliyeyatenda hayo kwa mnyonge amemtendea hakimu mwenyewe.

Tena, kwa waandishi wa Biblia hukumu si habari mbaya. Zaburi ya 96 na ya 98 zinaonyesha bahari, mito na miti ya msituni ikishangilia kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu dunia. Furaha hiyo inaeleweka kwa yeyote aliyedhulumiwa: mjane aliyenyang'anywa shamba la marehemu mumewe, au familia iliyolima ardhi kwa vizazi kisha ikaitwa maskwota, jambo lisilo geni katika kaunti ya Kilifi. Kwa mtu wa namna hiyo, hakimu asiyekula rushwa wala kuogopa mwenye cheo ni tumaini. Dunia isiyo na hukumu ingekuwa dunia ambamo mdhalimu ameshinda moja kwa moja.

Hofu za aina mbili

Biblia hiyohiyo inasema kwamba kumcha Mungu ni chanzo cha hekima, kisha inasema, katika Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya 4, kwamba upendo uliokamilika huitupa hofu nje, na kwamba lengo la upendo huo ni watu wawe na ujasiri siku ya hukumu. Msomaji wa haraka ataona mgongano. Walimu wa Kanisa wa kale waliutatua kwa kutenganisha hofu za aina mbili. Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, na baadaye Thomas Aquinas wa karne ya 13, walieleza kwamba kuna hofu ya mtumwa na hofu ya mwana. Mtumwa huogopa fimbo, na bwana akigeuka kisogo, utii wake huisha. Mwana humheshimu baba, naye huogopa kumhuzunisha kwa kuwa anampenda. Hofu ya kwanza inaweza kumwanzisha mtu safari ya kutubu, lakini haiwezi kumfikisha. Ya pili hukua pamoja na upendo.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa mimbarini. Mahubiri yanayoishia kwenye hofu ya mtumwa hujaza kanisa kwa muda, kisha huacha nyuma yake watu wa aina mbili: waliokata tamaa na wanaojifanya wema. Tena, mwenye hofu ya mtumwa hutafuta haraka mtu wa kusimama kati yake na fimbo. Mhubiri akidai kuwa yeye ndiye ajuaye jinsi ya kuikwepa hasira ya Mungu, muumini wa namna hiyo atampa mali, watoto, na mwisho uhai wake.

Ujasiri unatoka wapi

Mafundisho ya Kikristo yanataja sababu kadhaa za kutokuwa na hofu, na hakuna hata moja inayotegemea mtu kujiona mwema.

Sababu ya kwanza ni hakimu mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, Baba amempa Mwana mamlaka yote ya kuhukumu. Maana yake, atakayeketi kwenye kiti cha hukumu ni yuleyule aliyekula na watoza ushuru, aliyekataa kumpiga mawe mwanamke mzinzi, na ambaye mwenyewe alihukumiwa kwa uonevu na kuuawa. Anakijua kizimba kutoka upande wa mshtakiwa. Paulo, katika Warumi sura ya 8, anajenga hoja yake juu ya jambo hilo: atakayehukumu ndiye aliyekufa kwa ajili ya watu, na ndiye anayewaombea.

Sababu ya pili ni msamaha. Martin Luther, alipokuwa mtawa nchini Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 16, aliteswa sana na hofu ya hukumu. Alifunga, alikesha na kuungama mara kwa mara bila kupata amani. Aliipata aliposoma Waraka kwa Warumi na kutambua kwamba haki anayoitaka Mungu ni ile anayoitoa yeye mwenyewe kwa mwenye imani. Wakatoliki na Waprotestanti walibishana kwa karne nyingi juu ya namna imani na matendo vinavyohusiana, lakini mwaka 1999 Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg likisema kwamba wokovu ni zawadi ya neema, na kwamba matendo mema ni matunda yake. Kwa muumini wa kawaida, maana yake ni kwamba hakuna upande wowote kati ya pande hizo mbili unaofundisha kwamba mtu hujinunulia kibali kwa kuutesa mwili wake.

Sababu ya tatu ni kwamba hukumu imekwisha kuanza. Yohana anaeleza kuwa anayeamini amekwisha kuvuka kutoka mautini kwenda uzimani. Kila mtu anapoungama kosa, kurudisha kilichoibwa au kupatana na jirani, kazi ya siku ile hufanyika leo. Aliyezoea kujihesabu kila jioni hana cha kumshtua siku ya mwisho.

Sababu ya nne ni kwamba haki na huruma havipigani ndani ya Mungu. Papa Benedict XVI, katika waraka wake juu ya tumaini uliotolewa Novemba 2007, aliitaja hukumu kuwa mahali pa kujifunzia tumaini. Alieleza kwamba neema isiyojali haki ingekuwa dharau kwa walioonewa, na haki isiyo na neema ingewaacha binadamu wote katika hofu tupu. Vyote viwili vimekutana katika Kristo.

Pwani iliyojua kufa na kuhukumiwa

Mambo haya hayakuja Malindi na Kilifi juzi. Wamijikenda walikuwa na imani kwa Mulungu na heshima kwa koma, roho za wazee waliotangulia, kabla ya mmisionari yeyote kufika. Walikuwa pia na mahakama zao za kiroho. Wagiriama, walio miongoni mwa Wamijikenda, walitumia kiraho, kiapo cha kutafuta ukweli, kwa mfano kile cha shoka lililotiwa moto au cha kula papai lililofanyiwa dawa, na kiapo cha fisi kiliogopwa kuliko vyote. Mekatilili wa Menza alipowainua watu wake dhidi ya utawala wa Waingereza mwaka 1913, aliwafunga kwa viapo huko Kaya Fungo. Kwa hiyo Mgiriama aliyehubiriwa siku ya hukumu hakuwa akisikia jambo geni. Alijua tayari kwamba uongo na damu vina mwenye kuvidai. Jipya lilikuwa habari kwamba anayedai ndiye anayesamehe.

Kwa upande wa Ukristo, moja ya kumbukumbu za zamani zaidi Malindi ni ya mazishi. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier, akiwa safarini kutoka Ureno kwenda Goa, alitia nanga Malindi na kumzika hapo baharia aliyefia chomboni. Katika barua aliyoandika baadaye alisimulia kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na utaratibu wa mazishi hayo, na kwamba alizungumza na mmoja wa wakubwa wao juu ya watu wanavyolegea katika ibada. Kanisa dogo la Kireno, lenye paa la makuti na makaburi kando yake, bado limesimama karibu na bahari mjini Malindi.

Miaka kama 300 baadaye akaja mmisionari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na kabla mwaka haujaisha akawa amemzika mke na mtoto wao mchanga waliouawa na homa. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza, akaendelea kujifunza Kiswahili na kuandika kamusi yake. Mwaka 1846, akiwa na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann, alifungua kituo cha Rabai, ambacho leo kimo ndani ya kaunti ya Kilifi. Mmoja wa waumini wa kwanza hapo alikuwa Mringe, mlemavu maskini aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Wamethodisti wakafuata Ribe mwaka 1862.

Kizazi kilichofuata kilitoa mfano mwingine. Huko Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama, Wakristo waliishi pamoja na watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. David Koi, mmoja wa viongozi wao, aliuawa mwaka 1883, na Waanglikana humkumbuka kama shahidi wa kwanza wa Kenya. Watu hawa wote waliamini hukumu, na hakuna aliyekitafuta kifo. Krapf aliendelea na kamusi yake, Koi aliendelea kuwapa watoro hifadhi. Kifo kilipowajia, kiliwakuta kazini.

Shakahola: hofu ilipogeuzwa kamba

Mwaka 2003 Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa lake mjini Malindi, lililojulikana kama Good News International. Mahubiri yake yalisambaa kwa televisheni na intaneti, na kiini chake kilikuwa siku za mwisho. Elimu ya shule ilihubiriwa kuwa ya shetani, hospitali zikakataliwa, na mwaka 2019 serikali ilipoanza kuandikisha wananchi kwa Huduma Namba, mpango huo ukatangazwa kuwa alama ya mnyama inayotajwa katika Ufunuo. Tangu 2017 mhubiri huyo alikuwa amekwisha kufikishwa mahakamani kwa mambo yanayohusu watoto kuachishwa shule. Mwaka 2019 kanisa la mjini likafungwa, na wafuasi wakaanza kuhamia Shakahola, katika ardhi ya ranchi ya Chakama, wakijenga vibanda kwenye mitaa waliyoipa majina ya Biblia. Wengi walitoka mbali, hata Nairobi na magharibi ya Kenya, baada ya kuuza mali zao.

Aprili 2023 polisi walifika msituni na kukuta watu waliodhoofika kwa kutokula. Ufukuaji wa makaburi ulianza siku chache baadaye, na kufikia mwisho wa mwaka huo miili 429 ilikuwa imetolewa, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa njaa, lakini baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa, kuzibwa pumzi au kupigwa. Mapema mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walifunguliwa mashtaka ya ugaidi na ya kuua bila kukusudia mjini Mombasa, na mnamo Februari wakashtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191. Mackenzie alikana mashtaka.

Ukubwa wa hofu iliyopandwa ulionekana hata baada ya uokoaji. Juni 2023 watu 65 waliotolewa msituni walifikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa kuwa waliendelea kukataa chakula katika kituo walikohifadhiwa. Wanaharakati wa haki za binadamu walipinga hatua hiyo, wakisema waathiriwa wanahitaji matibabu na ushauri, si kizimba. Watu hao walikuwa wamefika mahali ambapo sahani ya ugali ilitisha kuliko kaburi.

Afrika Mashariki ilikuwa imeonywa mapema. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde, waliteketea ndani ya jengo la kanisa. Makaburi mengine yalipatikana baadaye. Hapo pia kulikuwa na tarehe ya mwisho wa dunia iliyotangazwa na kupita.

Mafundisho yalipopinda

Nguvu ya mafundisho yanayoleta maafa ya namna hii ni kwamba huazima maneno ya kweli. Kufunga, kuikana dunia, kumngojea Bwana, siku za mwisho: yote yamo katika Biblia. Upotofu uko katika namna yanavyounganishwa, na mambo manne huonekana wazi.

La kwanza ni tarehe. Injili za Mathayo na Marko zinasema bila kificho kwamba siku na saa hajui yeyote, hata malaika. Kila aliyewahi kutaja tarehe ameumbuka. Nchini Marekani, William Miller na wafuasi wake waliingojea tarehe 22 Oktoba 1844, na ilipopita wengi walivunjika moyo. Waadventista Wasabato, ambao mizizi yao imo katika tukio hilo, hawataji tarehe ya kurudi kwa Kristo tena.

La pili ni kuacha kazi na maisha. Wakristo wa Thesalonike, karne ya kwanza, walitishwa na habari kwamba siku ya Bwana imefika, na baadhi yao wakaacha kufanya kazi. Paulo aliwaandikia wasitikiswe upesi na barua au unabii wa namna hiyo, akawaagiza watulie, wafanye kazi na wale chakula chao wenyewe. Kanisa la kwanza lilimngojea Bwana likiwa na jembe mkononi.

La tatu ni kufunga. Mfungo wa Kikristo una mwanzo na mwisho, na hautolewi kwa watoto, wagonjwa, wajawazito wala wazee dhaifu. Yesu mwenyewe alimaliza mfungo wake akala. Isaya, katika sura ya 58, anakemea mfungo wa kujitesa na kutaja mfungo anaoutaka Mungu: kufungua vifungo vya uonevu na kumgawia mwenye njaa mkate. Mfungo unaomnyima mtoto maji umegeuza Mathayo 25 juu chini, kwa maana hakimu atauliza habari ya mtoto huyohuyo.

La nne ni kuutoa uhai. Mungu alimzuia Abrahamu asimchinje Isaka. Mlinzi wa gereza la Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16, alipouchomoa upanga ajiue kwa hofu, Paulo alipaza sauti kumzuia. Jibu alilompa mtu yule aliyetetemeka lilikuwa imani, na kabla ya kupambazuka walikuwa wakila pamoja nyumbani kwake. Kwa fundisho la Kikristo, uhai ni amana. Anayeutoa na anayeutwaa ni Mungu peke yake. Fundisho hilohilo linawahukumu wale wanaowaua wazee katika vijiji vya Kilifi kwa tuhuma za uchawi, na kuwalazimisha wengine kukimbilia kituo cha hifadhi cha Kaya Godoma, huko Ganze. Anayemuua jirani yake kwa kisingizio hicho amekikalia kiti cha hukumu kisicho chake.

Je, waliokufa watahukumiwaje?

Familia zilizopoteza watu Shakahola zilibaki na swali zito kuliko yote. Miili ilikaa kwa miezi mingi katika mochari ya hospitali ya Malindi ikisubiri vipimo vya DNA, na ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mwishoni mwa Machi 2024. Wengine walikuwa bado hawajatambuliwa. Baadhi ya waliofiwa walijiuliza kama ndugu zao, waliokufa kwa kukataa chakula, wamehesabiwa kuwa wamejiua na hivyo wamepotea.

Majibu ya makanisa makubwa yana tumaini. Kuhusu watoto, hakuna la kubishaniwa: hawakuchagua, na Yesu alisema ufalme wa mbinguni ni wa walio kama wao. Kuhusu watu wazima, Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba hofu kubwa, dhiki na maradhi ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba watu wasikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua mwenyewe za kuwapa nafasi ya kutubu. Waprotestanti wengi hufika hapohapo kwa njia nyingine: hakuna aokolewaye kwa usafi wa saa yake ya mwisho, bali kwa rehema. Hukumu kali ya Biblia imewekwa upande wa walimu. Yakobo, sura ya 3, anaonya kwamba wanaofundisha watahukumiwa zaidi, na Yesu alisema juu ya anayewakosesha wadogo kwamba afadhali angetoswa baharini na jiwe la kusagia shingoni.

Kwa hiyo sala, mazishi ya heshima na misa za marehemu si mambo ya bure. Yanawakabidhi waliokufa kwa hakimu anayejua kila mmoja alidanganywa kwa kiasi gani.

Namna ya kumpima mhubiri

Serikali nayo ilichukua hatua. Jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi liliundwa mwaka 2023 kupendekeza namna ya kusimamia mashirika ya kidini, na likawasilisha ripoti yake kwa Rais mwaka uliofuata. Mjadala kuhusu sheria umekuwa mkali, kwa kuwa Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa kuabudu, na makanisa mengi yanahofia mkono mrefu wa dola. Wakati mjadala ukiendelea, katikati ya mwaka 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, katika eneo hilohilo la Chakama. Ni dhahiri kwamba sheria peke yake haitoshi. Msikilizaji naye lazima awe na kipimo chake, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Vipimo hivyo si vigumu. Mhubiri wa kweli wa hukumu humwelekeza mtu kwa Kristo. Wa uongo humwelekeza kwake mwenyewe. Wa kweli hukubali kuulizwa, kusahihishwa na kukaguliwa hesabu zake. Wa uongo huita swali kuwa uasi. Wa kweli huwarudisha watu nyumbani wakiwa wazazi, majirani na wafanyakazi bora zaidi. Wa uongo huwatenga na jamaa, shule na hospitali, kisha huwaambia wauze mali. Wa kweli haijui tarehe. Na zaidi ya yote, mahubiri ya kweli juu ya hukumu humfanya msikilizaji atake kutubu na kuishi, ilhali ya uongo humfanya atamani kufa.

Mkristo wa Malindi au Kilifi anayetaka kuwa tayari kwa siku ile hana haja ya kuhamia msituni wala kuhesabu miaka. Alipe deni lake, apatane na aliyemkosea, amlishe mwenye njaa, ampeleke mtoto shule na mgonjwa hospitali, asali bila kuchoka, na amwamini hakimu aliyekufa kwa ajili yake. Na akisikia kwamba jirani au ndugu ameitwa mahali afunge hadi afe, asiliache jambo hilo mikononi mwa Mungu kwa maneno matupu: apige ripoti kwa chifu au polisi siku hiyohiyo. Kumwokoa mwenye njaa ni mojawapo ya mambo ambayo, kwa mujibu wa Mathayo 25, kila mtu ataulizwa.